Dola 600 na Remington 700 tupu: darubini, reli na ringi za kuanzia

Swali limetoka kwa kaka mmoja anayeishi Pennsylvania, mzaliwa wa Nakuru, ana green card. Amenunua Remington 700 ya mkono wa pili, kalibri .308, imekuja tupu haina darubini, na anataka aingie msituni msimu huu wa kulungu kwa mara ya kwanza. Amebaki na dola kama 600. Anauliza anunue vitu gani, afungeje mwenyewe nyumbani, halafu jamaa zake wa kazini wanamwambia hiyo ya kukoki kwa mkono aiuze anunue vipande aunge semi-otomatiki (inayojikoki yenyewe kila ukifyatua) yake mwenyewe, je wako sahihi?

Kaka, nianze na hilo la mwisho maana linaisha haraka. Pennsylvania hairuhusu semi-otomatiki kwa kulungu. Wanyama wadogo sawa, mbweha na koyote sawa, ila kwa kulungu hapana, kwa hiyo ungehangaika kuunga bunduki miezi miwili halafu siku ya msimu kufunguliwa unaiacha nyumbani. Jamaa zako hawakutakii mabaya, kuunga vipande ni burudani ya watu wengi huko na kwa mtu mwenye vigezo ni halali, lakini wewe umeniambia unataka nyama kwenye friza, na kwa kazi hiyo bunduki uliyonayo tayari inatosha kabisa. Kitu cha kuunga unacho hapohapo, maana bunduki bila darubini bado ni nusu bunduki, na hiyo nusu iliyobaki ndo watu wengi wanaikosea.

Na wengine mnaosoma hili jibu mkiwa Marekani kwa viza ya masomo au ya kazi, tafadhali msimuige huyu kaka moja kwa moja. Mwenye green card anaenda kwa muuzaji mwenye leseni, anajaza fomu 4473 (ile ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki), anapita ukaguzi, basi. Mwenye viza ya muda, sheria ya shirikisho inamzuia hata kumiliki, kuna vighairi vyake kama leseni ya uwindaji ila ni mambo ya kuongea na wakili wa uhamiaji KABLA hujashika bunduki ya mtu, sio baada.

Sasa turudi. Wewe umekulia Kenya, na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo hukupata mjomba wala babu wa kukuonyesha haya mambo, wakati wenzako wa hapo wamekua wakiwaona baba zao wanafunga darubini kwenye gereji kila vuli. Ndo maana nitaandika kirefu, hata yale ambayo kwao hayasemwi kwa sababu kila mtu anayajua.

Kabla hujatoa hata dola moja, trigeri. Model 700 iko sokoni tangu 1962 na zimetengenezwa nyingi mno, nzuri sana, ila trigeri zake zina historia. Mwaka 2014 Remington yenyewe iliziita zirudi zile zenye trigeri ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014, kwa sababu iligundulika zinaweza kufyatua bila kuvutwa. Na zile za zamani zaidi zenye trigeri ya Walker nazo zimepelekana mahakamani miaka na miaka. Kampuni ya zamani ilifilisika 2020 ikauzwa vipandevipande, kwa hiyo usikae ukitegemea simu ya huduma kwa mteja. Chukua bunduki yako ikiwa tupu, mpelekee fundi bunduki mwenye leseni, muulize swali moja tu: hii ni trigeri gani na je ilishabadilishwa au kurekebishwa? Akisema ibadilishwe, badilisha, hata kama hela ya darubini itapungua nusu. Hapa sikubembelezi. Darubini ya bei rahisi itakukosesha kulungu, trigeri mbovu inaweza kuua mtu unayempenda.

Haya, trigeri iko sawa. Hela zako ningezigawa hivi: darubini isizidi 300 na kidogo, reli (chuma kinachofungwa juu ya bunduki) na ringi (pete zinazoishika darubini juu ya reli) jumla kama 100, bisibisi ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) 50 au 60, risasi pakiti mbili tatu zitakula kama 100, mkanda wa begani 30, na kinachobaki fulana ya rangi ya chungwa. Utaona nimeweka bisibisi ya toki kwenye hesabu na watu wengi hawaiweki. Nitafika huko.

Darubini. Madukani utaonyeshwa za kukuza mara 6 hadi 24, lenzi ya mbele kama sahani, vifundo vya kuzungusha kila upande, utaambiwa hii inaona maili. Achana nazo. Msitu wa Pennsylvania ni miti, vichaka na mabonde, kulungu anakutokea yadi 40, yadi 70, akiwa mbali sana yadi 150 kwenye uwazi wa nguzo za umeme au pembeni ya shamba la mahindi. Wewe unataka ya mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya mbele ya milimita 40, ile inayoandikwa 3-9x40, ambayo wawindaji wa Marekani wameitumia vizazi na vizazi na kila kampuni inayojiheshimu inaitengeneza. Mara 3 ni muhimu kuliko mara 9, nasema hivyo nikimaanisha, kwa sababu kulungu akikutokea karibu halafu darubini yako inaanzia mara 6 utaona manyoya tu, hujui umelenga bega au tumbo.

Watakuambia chukua ya milimita 50 maana inaingiza mwanga zaidi. Hebu tupige hesabu. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele ugawe kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. 40 gawa kwa 9 ni milimita 4.4. 50 gawa kwa 9 ni 5.6. Mboni ya jicho la kijana gizani inafunguka mpaka kama milimita 7, na umri ukisogea inapungua, mtu wa makamo unakuta 5 hivi. Sasa ukiwa na ile ya 40 ukairudisha kutoka mara 9 mpaka mara 6, unapata 6.7, tayari umeizidi ile ya 50 iliyobaki kwenye 9, na hujalipa kitu, umezungusha pete tu. Pennsylvania unaruhusiwa kuwinda kulungu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, na kulungu wanapenda kutembea kwenye hizo nusu saa mbili, kwa hiyo hili la mwanga sio la vitabuni. Giza likiingia, punguza ukuzaji. Na lenzi ya 50 ina gharama nyingine, inakulazimisha uinue darubini juu zaidi ili isiguse mtutu, ukiinua darubini shavu lako linaachia kitako, shavu likiachia kitako kichwa kinaelea na hulengi mahali pamoja mara mbili.

Hilo la bomba nalo wanalipindisha. Darubini zina bomba la inchi 1 au la milimita 30, na utasikia la 30 linapitisha mwanga mwingi. Mwanga unaamuliwa na lenzi na ubora wa kioo na zile tabaka zilizopakwa juu yake, bomba nene linakupa nafasi zaidi ya kurekebisha juu-chini kwa watu wa kupiga mbali. Inchi 1 inakutosha, nyepesi, na ringi zake rahisi kupata.

Msalaba wa ndani uwe ule wa kawaida, mistari minene pembeni inayokuwa myembamba katikati. Mistari minene unaiona hata alfajiri. Ule wenye vidoti na namba kama mti wa Krismasi utakuchanganya siku moyo unadunda, na siku ya kwanza moyo unadunda, hilo nakuhakikishia. Angalia pia kwenye boksi wameandika paralaksi yadi ngapi, yaani umbali ambao msalaba hauhami juu ya tageti hata ukisogeza jicho. Kwa bunduki yako iwe 100 au 150. Zipo za bei poa zilizotengenezewa bunduki ndogo za .22, zimesetiwa yadi 50, na nyingine za bunduki za hewa, sura ni ileile kabisa, bei inavutia, ila sio zako, na nyingine hazivumilii teke la .308.

Kitu cha mwisho kwenye darubini ni umbali wa jicho, yaani jicho likae mbali kiasi gani na kioo cha nyuma ili uone picha nzima. Usikubali chini ya inchi 3 na nusu. .308 inarudi nyuma na nguvu, na ukiwa na darubini ya kukaa karibu na jicho inakupasua juu ya nyusi, kovu la mwezi mchanga, wawindaji wengi wanalo na hakuna anayeringa nalo.

Majina? Leupold VX-Freedom 3-9x40 na Vortex Crossfire II ya ukubwa huohuo zote ziko kwenye bajeti yako au karibu nayo, na ukivizia punguzo la vuli unapata chini zaidi. Leupold ni watu wa Oregon, Vortex wapo Wisconsin, wote wanarekebisha au kukubadilishia bila kukuuliza risiti, hata kama wewe sio mnunuzi wa kwanza, na hiyo inamaanisha hata ya mkono wa pili unaweza kununua kwa amani. Ukiniambia nichague moja kwa ajili ya kubeba msituni siku nzima nachukua Leupold kwa sababu ni nyepesi na umbali wake wa jicho ni mkarimu, ila sitabishana na mwenye Vortex.

Sasa tufike kwenye reli na ringi, na hapa ndo nataka unisikilize kuliko sehemu zote. Mtu analipa 300 ya darubini, halafu anachukua ringi za dola 12 zilizoning'inia karibu na kaunta, anakaza kwa nguvu za mkono, anaenda renji, risasi ya kwanza kushoto, ya pili juu, ya tatu kulia, anasema darubini mbovu anairudisha, anapewa nyingine, yaleyale. Kumbe kinachocheza ni kile kipande cha chuma kati ya darubini na bunduki. Mlango mzito kwenye bawaba iliyolegea. Darubini nzuri juu ya ringi mbovu haina faida, na darubini ya kawaida juu ya ringi imara itakupa nyama miaka ishirini.

Model 700 ina tabia moja uijue: juu ya mwili wa bunduki, daraja la nyuma (sehemu ya kufungia) limekaa chini kidogo kuliko la mbele. Ukinunua vipande viwili vya kufungia, cha mbele na cha nyuma havilingani kimo, na ukivichanganya darubini inakaa imeinama. Kwa mtu wa mara ya kwanza nashauri reli ya kipande kimoja, ile ya Picatinny, kiwanda kimeshamaliza hiyo hesabu ya kimo kwa ajili yako, na ina mifereji mingi ya kusogeza ringi mbele na nyuma. Uhakikishe imeandikwa Remington 700 SHORT action, maana .308 ni akshen fupi (akshen ni ule mwili wa bunduki ambamo bolti, chuma cha kukoki, inatembea). Ya akshen ndefu matundu hayatakutana. Usichukue yenye mwinamo wa MOA 20 (MOA ni kipimo kidogo cha pembe, nitakieleza kwenye ziro), hiyo ni ya wapiga mbali.

Ringi ziwe za chuma au alumini nzuri, skrubu nne kila moja juu, inchi 1 kwa bomba la inchi 1 (usicheke, zinarudishwa dukani kila siku). Urefu wa ringi, chagua fupi kadiri inavyowezekana bila kengele ya mbele (ile ncha pana ya darubini) kugusa mtutu. Darubini ya lenzi 40 kengele yake kwa nje inafika kama milimita 47, nusu yake 23 na nusu, kwa hiyo kutoka katikati ya bomba mpaka juu ya mtutu unahitaji hiyo 23 na nusu jumlisha milimita mbili tatu za hewa, na kumbuka reli nayo imeshachukua urefu wake. Mara nyingi jibu linakuwa ringi fupi au za kati. Halafu koki bolti uangalie mkono wake haugongi kioo cha nyuma unapoinuka.

Kufunga. Bunduki tupu, bolti nje, risasi ziwe chumba kingine kabisa, sio mezani. Angalia chemba kwa jicho na kwa kidole.

Futa matundu ya skrubu na sehemu reli inapokaa kwa spiriti, mafuta ya kiwandani yote yatoke, na skrubu zenyewe uzifute. Weka tone dogo la Loctite ya bluu (gundi ya skrubu) kwenye skrubu za reli, BLUU, nyekundu usiiguse maana utakuja kuzichoma moto kuzitoa. Kaza zote nne kidogokidogo kwa zamu, halafu malizia na bisibisi ya toki. Karatasi ya kwenye boksi la reli itakuambia kiasi, kwa skrubu ndogo za Model 700 wengi wanasema karibu na inchi-paundi 20. Mkono wa mtu mwenye nguvu unapita hapo bila kujua na skrubu hizo nyembamba zinakatika shingo, kipande kinabaki ndani, ukampelekee fundi atoboe. Hiyo ndo sababu ya dola zako 50 za bisibisi.

Sasa rudisha bolti taratibu. Ikienda laini mpaka mwisho, vizuri. Ukihisi inakwaruza au inagoma pale mbele karibu kufunga, acha, usilazimishe. Skrubu ya mbele imekuwa ndefu, inaingia ndani inagusa vidole vya bolti. Zile mbili za mbele ndo zenye tabia hiyo, moja inafika kwenye nyuzi za mtutu na nyingine kwenye njia ya bolti, na ile ya kwenye nyuzi ni mbaya zaidi kwa sababu unahisi imekaza kumbe imegonga mwisho na reli bado inaelea. Kwenye pakiti nyingi za reli skrubu fupi na ndefu zimechanganywa mfuko mmoja, zipange mezani kwa urefu kabla hujaanza, soma mchoro. Dakika mbili.

Ringi zikae chini, uziweke kwenye reli huku ukizisukuma mbele kuelekea mdomo wa mtutu, kisha kaza zile nati za pembeni. Kusukuma mbele kuna maana: bunduki ikipiga teke inarudi nyuma, darubini kwa uzito wake inataka kubaki, kwa hiyo ringi zinasukumwa mbele kwenye ukuta wa mfereji, kama ulishaziegemeza hapo hazina pa kwenda.

Laza darubini, weka vifuniko vya juu vya ringi legelege. Hapa vaa koti. Sikutanii, vaa koti lenyewe utakalovaa msituni, maana mwisho wa Novemba Pennsylvania ni baridi ya kuganda, koti nene linakusogeza nyuma nusu inchi au zaidi, na ukipima na tisheti sebuleni utashangaa siku yenyewe unaona duara jeusi. Zungusha ukuzaji mpaka 9 kwa sababu hapo ndo jicho linabanwa zaidi, funga macho, pandisha bunduki begani, laza shavu mahali linapopenda lenyewe, fungua macho. Ukiona weusi pembeni sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae. Rudia mpaka ukifungua macho picha imejaa bila kutafuta.

Kunyoosha msalaba. Wewe nadhani umeshaona fundi wa ujenzi anavyotumia timazi, na hapa ni timazi hiyohiyo. Bunduki iwe imeshikwa kwenye kishikilio au katikati ya mito miwili, pima juu ya reli na pimamaji ndogo mpaka ilale sawa. Ning'iniza uzi wenye kitu kizito ukutani au kwenye mti, yadi 20 hivi mbele. Chungulia, zungusha darubini taratibu mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi. Kaza skrubu za juu za ringi kwa kupishana kona kwa kona, robo mzunguko kila moja, na kila duru chungulia uzi tena maana kukaza upande mmoja kunazungusha darubini kimyakimya. Mwanya wa kushoto na kulia wa kifuniko ulingane. Malizia na toki, nyingi ni inchi-paundi 15 mpaka 18, ukizidisha unabonyeza bomba na vya ndani vinaanza kukwama. Loctite hapa usiweke.

Kuhusu kuseti ziro, yaani kuifanya risasi ipige pale msalaba unapolenga, kabla ya kufyatua hata moja fanya hivi, bure kabisa. Nyumbani au renji, bunduki kwenye mifuko ya mchanga, bolti nje, chungulia kupitia ndani ya mtutu kutoka nyuma, weka duara la tageti ya yadi 25 katikati ya tundu. Bila kugusa bunduki, chungulia darubini na uzungushe vifundo mpaka msalaba ukae juu ya duara lilelile. Rudia kuhakikisha. Ukimaliza, risasi yako ya kwanza ya yadi 25 itakuwa kwenye karatasi.

Kliki moja ya darubini hizi ni robo MOA. MOA 1 kwenye yadi 100 ni inchi 1.047, sema inchi moja, kwa hiyo kliki 4 zinasogeza inchi moja kwenye yadi 100. Kwenye yadi 25 kliki hiyohiyo inasogeza robo ya pale, kwa hiyo inchi moja unahitaji kliki 16. Wengi wanasahau hilo, wanazungusha kliki 4 kwenye yadi 25, risasi inasogea kidogo tu, wanaanza kulaumu kioo. Kwenye 25 usitafute katikati kabisa, acha ipige chini ya katikati nusu inchi mpaka robo tatu, kwa sababu darubini iko juu ya mtutu kama inchi moja na nusu na risasi bado inapanda kuufikia mstari wa macho. Ukienda 100 itakuwa karibu na ulipolenga.

Yadi 100 piga tatu, usiguse kifundo katikati, subiri, tembea ukaangalie, hesabu kutoka katikati ya hizo tatu. Risasi moja haikwambii kitu. Mtutu mwembamba wa uwindaji ukipata moto risasi zinatawanyika, kwa hiyo acha bolti wazi upoe mpaka uweze kuushika bila kuondoa mkono, na hapo utumie huo muda kunywa chai yako. Kama una leseni ya uwindaji unaweza kutumia renji za Pennsylvania Game Commission kwenye ardhi zao za uwindaji, soma kibao cha masharti pale getini.

Risasi. Nunua grein 150 (huo ni uzito wa kichwa cha risasi), aina mbili tofauti pakiti moja moja, uone bunduki yako inapenda ipi, maana kila mtutu una mapenzi yake na hakuna mtaalamu wa kukubashiria. Iliyopiga tatu karibu karibu zaidi, ongeza pakiti ya hiyo, na jitahidi iwe na namba ileile ya toleo pembeni ya boksi. Ukiseti ipige inchi 2 juu ya katikati kwenye yadi 100, itakuwa imerudi katikati karibu na yadi 200, na kwenye 300 itakuwa imeshuka kama inchi 8 au 9. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ni kama inchi 8 kwa upana. Umeona? Mpaka 200 unalenga palepale bila hesabu, na zaidi ya hapo msimu huu wa kwanza usipige, mwache apite. Mnyama aliyejeruhiwa akaenda kufia kwenye bonde usikoweza kumfuata ni jambo la kuumiza, na halina haja ya kutokea.

Vidogovidogo: mkanda wa begani uwe mpana wa nailoni au ngozi, na zile pete zake zisilie, zitingishe dukani usikilize. Vifuniko vya lenzi muhimu, mvua na theluji. Miguu ya kusimamishia bunduki, kitako kipya cha plastiki cha kisasa, kifaa cha kufungwa mdomoni mwa mtutu, vyote subiri. Kama kuna chenji imebaki iwe ya risasi za mazoezi. Na ile rangi ya chungwa sio urembo, sheria inataka inchi za mraba 250 zikijumlisha kichwa, kifua na mgongo, kwa hiyo kofia na fulana vyote viwili. Kozi ya uwindaji najua umeshasema unaimalizia, bila cheti hupati leseni yako ya kwanza.

Msimu wa bunduki tangu 2019 unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, kwa hiyo jipange ziro iwe tayari wiki tatu kabla, sio usiku wa Ijumaa. Wiki ya mwisho rudi renji upige tatu tu kuhakikisha, kisha pima tena skrubu zote kwa toki bila kukaza zaidi, na chora alama ndogo ya kalamu nyeupe ikipita kutoka kichwa cha skrubu kwenda kwenye ringi. Ikitokea bunduki imeanguka au imegongwa kwenye gari, angalia hizo alama kwanza, na kama zimeachana usiwinde nayo mpaka uipige karatasini.

Sasa kabla hujaagiza ringi, naomba vipimo viwili: mtutu wako ni ule mwembamba wa kawaida au mnene wa Varmint, maana mnene unakula zile milimita za hewa nilizosema na utahitaji ringi ndefu kidogo, na pili pima kutoka trigeri mpaka mwisho wa mpira wa kitako, maana bunduki za mkono wa pili mara nyingine zimeshakatwa kitako kwa ajili ya mtoto au mke. Niandikie hizo namba mbili na jibu la fundi kuhusu trigeri, nitakuambia ringi za urefu gani uchukue.